Fundi wa Kupima Injini Alipwe na Nani?

Ndugu wasomaji, juma lililopita nilipokea barua ya askari mmoja wa hapa Kampala ambaye amebakiza miezi michache astaafu. Aeleza kwamba alipokuwa mtoto, marehemu baba yake alikuwa na desturi ya kumsimulia habari za mashindano ya magari ya Safari, na hasa za zile Datsun nyekundu zenye boneti nyeusi. Hadithi hizo hazikumtoka moyoni. Sasa amesikia kwamba mzee mmoja anayo Datsun 240Z iliyolala bandani kwa miaka mingi. Mwenye gari ataka shilingi milioni 30. Fundi naye ataka 300,000 ili aipime injini, gharama za vifaa zikiwamo, kabla gari halijanunuliwa.

Swali lake ni hili: je, si kupoteza fedha kumlipa mtu kwa ajili ya gari ambalo huenda nisilinunue? Mwisho wa barua aongeza kwamba mkewe ana maoni mengine, nayo ni kwamba gari lenyewe ndilo kupoteza fedha.

Sitapenda kuingia kati ya mtu na mkewe, walau si mwanzoni mwa makala. Nitajibu kwanza swali la fundi, kwa kuwa ni swali linalowahusu wengi, hata wale wasiotamani magari ya mashindano bali gari dogo tu la kuwapeleka watoto shule.

Mapenzi ya msomaji wetu si ya ajabu. Datsun 240Z ilianza kutengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. Ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Huyu Mehta alizaliwa papa hapa Kampala mwaka 1945, akahamia Kenya mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda, na katika maisha yake alishinda Safari mara 5. Kwa hiyo anayelipenda gari hili apenda kitu chenye historia katika nchi zetu. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba magari yale yaliposhinda yalikuwa mapya, na mafundi waliyangoja njiani kwa spea na zana. Hili la bandani limepita umri wa miaka 50, na anayelingoja ni mstaafu mmoja mwenye kiinua mgongo chake.

Tena, gari la namna hii haliuzwi kama yale tunayoyaona yamepangwa katika maegesho ya wauzaji kando ya barabara ya Jinja. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Basi mwenye kutamani gari la miaka ya 1970 hana budi kulitafuta zaidi miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwamo nchini, kwa wazee na kwa wapenzi wa magari. Hapo hakuna hati ya ukaguzi kutoka ng'ambo, wala hakuna dhamana ya muuzaji. Kuna gari, kuna maneno ya mwenye gari, na kuna macho yako.

Nitoe ushahidi wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikopa fedha katika chama chetu cha akiba ili ninunue gari dogo lililotumika. Nilikwenda kuliona pamoja na fundi niliyemfahamu. Alifungua boneti, akaiwasha injini, akaisikiliza huku ameinamisha kichwa kama daktari, kisha akaniambia, "Bosi, hii bado mpya." Sikumlipa kitu ila soda moja na nauli ya bodaboda, nikajiona mwerevu. Katika juma la tatu, tulipokuwa njiani kwenda kumzika shangazi yangu upande wa Masaka, injini ikaanza kugonga. Tulifika mazishini nyuma ya lori lililotuvuta kwa kamba, na watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka kaburini.

Beringi zilikuwa zimekwisha na krenki imekwaruzika. Karo ya muhula ule ilikwenda gereji, na watoto wangu wawili walikaa nyumbani majuma mawili wakiwatazama wenzao wakipita na mikoba. Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba yule fundi alikuwa amepokea kamisheni kutoka kwa muuzaji. Nilipomlalamikia mke wangu, alinijibu kwa upole, "Baba, yule mtu kazi aliifanya na mshahara aliupata. Ila mwajiri wake hakuwa wewe."

Ndugu wasomaji, jibu langu kwa askari wetu limo katika maneno hayo. Fundi aendaye kukagua gari aghalabu hulipwa. Kama hukumlipa wewe, yaelekea amelipwa na mwingine, naye atamtumikia aliyemlipa. Shilingi 300,000 unazotoa mfukoni mwako humweka fundi upande wako, na zaidi ya hayo humpa uhuru wa kukwambia, "Gari hili liache." Fundi atakayepata ujira wake endapo tu gari litanunuliwa hawezi kusema maneno hayo bila kujinyima chakula. Kwa hiyo mapatano yawe wazi: atalipwa kiasi kile kile, gari likinunuliwa au lisiponunuliwa, na hatapokea chochote kwa muuzaji.

Sasa tuangalie ni kazi gani inayolipiwa, maana si haki kutoa fedha bila kujua unachonunua. Askari hapokei bunduki ghalani bila kuikagua. Vivyo hivyo mnunuzi asipokee injini kwa kuitazama rangi.

Kwanza kabisa, gari lililolala miaka mingi lisiwashwe kwa pupa. Wauzaji wengi husema, "Hili ladai betri tu." Ukilifunga betri ukalizungusha mara moja, ringi zilizoshika kutu zaweza kukwaruza silinda, na hasara ikawa ya mwenye gari au yako, kutegemea ni nani aliyeshika funguo. Fundi mwangalifu hufungua plagi, hutia oili kidogo katika kila silinda, huiacha iloweke, kisha huizungusha injini kwa mkono taratibu. Humwaga petroli iliyokaa tangini, kwa kuwa petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba kabureta, na 240Z ina kabureta mbili. Hubadili oili na chujio lake. Kazi hii yachukua saa kadhaa, na ndiyo sababu mojawapo ya bei kupanda.

Pili, oili iliyotolewa na maji ya rejeta hukaguliwa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa yaonyesha kwamba imechanganyika na maji, ijapokuwa ukungu mdogo chini ya kifuniko waweza kutokana na unyevu wa kukaa tu. Vipande vya chuma vinavyometa ndani ya oili ni habari mbaya ya beringi. Injini ya 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na kichwa chake ni cha alumini kilichokaa juu ya mwili wa chuma. Injini ya namna hii ikichemka sana, kichwa hupinda na gasketi huachia. Basi swali la kumwuliza mzee mwenye gari ni kama liliwahi kuchemka, na jibu lake lilinganishwe na yale yaonekanayo.

Tatu ni kupima mgandamizo wa silinda, nacho ndicho kiini cha kazi yote. Injini ikiwa imepashwa moto, plagi zote hufunguliwa, umeme wa cheche hukatwa, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi chini, na geji hufungwa katika tundu la plagi la kila silinda kwa zamu huku stata ikizungusha injini. Betri iwe na nguvu, la sivyo vipimo vitakuwa vya uongo. Tuseme silinda tano zimetoa ratili 150, 148, 152, 147 na 150 kwa inchi ya mraba, na ya sita imetoa 105. Hapo pana ugonjwa. Fundi hutia kijiko cha oili katika silinda ile na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimelika. Kisipopanda, shaka huelekea kwenye vali au gasketi. Na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imepasuka katikati yake.

Hapa kuna jambo ambalo wakazi wa Kampala wapaswa kulijua. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini nzima kabisa ikipimwa hapa yaweza kuonyesha kipimo kilicho chini kwa karibu sehemu moja ya nane ya kile ambacho ingeonyesha pwani. Anayeshika kitabu cha kiwanda na kusema injini imekufa kwa sababu tu haikufikia tarakimu ya kitabuni aweza kukukosesha gari zuri. Kinachotazamwa zaidi ni usawa wa silinda zote. Tofauti ya asilimia 10 hivi mafundi wengi huivumilia. Inapozidi sana hapo, yatakiwa maelezo.

Nne, silinda iliyoshukiwa hujazwa hewa kwa kompresa, vali zake zikiwa zimefungwa, kisha fundi husikiliza hewa inatokea wapi. Ikivuma kwenye kabureta, vali ya kuingiza haifungi. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea. Ikipanda kwenye tundu la kutilia oili, ni ringi. Mapovu yakichemka katika rejeta, ni gasketi au kichwa. Kompresa si kitu adimu, kwa kuwa hata wale wanaoziba pancha wanazo. Kilicho adimu ni fundi mwenye subira ya kusikiliza.

Tano, gari hurudishwa likiwa baridi na kuwashwa mbele yako. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya ufunguo kuzungushwa. Likiwa na joto, kuna mtu aliyekutangulia kuficha kasoro ya asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia katika silinda. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya kurekebisha kabureta tu, isiyotisha. Geji ya oili nayo itazamwe injini ikiwa imekwisha kupata moto, maana oili baridi huficha ulegevu wa beringi.

Mwenye kununua gari la zamani sana, hasa la Kiingereza, aulize pia kuhusu viti vya vali. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilisaidia kuvilinda viti hivyo. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Injini yenye viti laini ambavyo havijabadilishwa yaweza kuvimaliza polepole, hasa ikiendeshwa kwa nguvu nyingi na kwa safari ndefu.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa hesabu. Bei hutofautiana kutoka gereji hadi gereji, iwe Katwe, Ndeeba au Bwaise, kwa hiyo kila mtu na aulize kwake. Mimi nitazigawa zile 300,000 za msomaji wetu kwa mfano tu. Tuseme ujira wa fundi ni 100,000. Usafiri wake na msaidizi 30,000. Oili na chujio 120,000. Kuazima betri 20,000. Na petroli safi 30,000. Jumla ni 300,000. Yaonekana wazi kwamba fungu kubwa kuliko yote ni oili na chujio, navyo vitabaki ndani ya gari. Kwa hiyo si aibu kumwomba muuzaji achangie, kwa kuwa usipolinunua gari utakuwa umemwachia oili mpya.

Bei ya gari ni milioni 30, na kipimo ni sehemu moja katika mia ya bei hiyo. Hata akipima magari matatu na kuyakataa mawili, atakuwa ametumia 900,000, yaani sehemu tatu katika mia. Kwa upande mwingine, injini ikibainika mbovu baada ya fedha kulipwa, ataandika orodha ya ringi, beringi, gasketi, vali na kazi ya kuchonga silinda, kisha atangoja spea zitoke ng'ambo, kwa sababu za gari hili hazipatikani kirahisi hata katika soko la Kisekka. Sitataja jumla yake. Naomba tu akumbuke kwamba orodha hiyo hailipwi kwa asilimia.

Kabla fundi hajashika spana, pafanyike mambo mawili. La kwanza, nambari ya injini na ya chesisi zilinganishwe na kitabu cha gari, na umiliki uthibitishwe katika ofisi ya usajili. Wasomaji wetu wa polisi hawahitaji kufundishwa jambo hili, ingawa nao husahau wanaponunua vyao. La pili, paandikwe karatasi fupi baina ya mnunuzi na mwenye gari: kwamba ameruhusu plagi zifunguliwe na injini ipimwe, na ni nani atakayegharimia endapo kitu kitaharibika. Plagi iliyokaa miaka mingi katika kichwa cha alumini yaweza kutoka na nyuzi za tundu lake. Bora ugomvi huo umalizwe kwa kalamu kabla haujaanza. Mwenye gari akikataa kabisa injini isiguswe, hilo nalo ni jibu, na halikugharimu kitu. Wala pasitolewe arubuni yoyote kabla ya kipimo, kwa sababu arubuni hufunga macho ya aliyeitoa.

Matokeo yakipatikana, yaandikwe, tarakimu kwa tarakimu, na fundi atie sahihi. Karatasi hiyo ina matumizi matatu. Ikiwa silinda zimelingana na oili ni safi, mnunuzi analipa akiwa na moyo mtulivu. Ikiwa ugonjwa ni wa kutibika na gharama yake yajulikana, karatasi yamsaidia kupunguza bei kwa heshima, bila kumdharau mzee wala gari lake. Na ikiwa ugonjwa ni mkubwa, yamsaidia kuondoka. Matumizi haya ya tatu ndiyo magumu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kujiona ndani ya gari huona haya kurudi nyumbani kwa miguu. Lakini fedha za kipimo hazipotei anapoondoka. Siku hiyo ndiyo zimefanya kazi yake kubwa kuliko siku zote.

Narudi sasa kwa mke wa msomaji wetu, ambaye sikumsahau. Wengi wetu tumo katika vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na mkopo waweza kuombwa tena. Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Mama aliyehama kambi baada ya kambi, akalea watoto wakati baba yuko kazini mbali, ana fungu lake katika fedha zile, hata kama jina lililoandikwa katika hundi ni moja. Basi kabla fundi hajaitwa, mume na mke wakae na daftari. Wakishatenga ya nyumba, ya karo na ya maradhi, waandike kiasi kilichobaki ambacho wamekubaliana kwamba chaweza kwenda katika furaha. Bei ya gari pamoja na matengenezo yaliyobainika ikizidi kiasi hicho, jibu ni hapana, hata kama injini yanguruma vizuri namna gani. Na siku ya kipimo wafuatane wote wawili. Mimi kama ningemchukua mke wangu siku ile, naamini angemtazama yule fundi usoni, wala si injini, na huenda shangazi yangu ningemzika.

Ndugu askari, hakuna aibu katika kutamani kitu kizuri baada ya miaka mingi ya utumishi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini ya gari ndiko kwenye mvungu wenyewe. Mlipe fundi wako, mlipe mapema, na umwambie mbele ya shahidi kwamba utamshukuru hata akikwambia usinunue. Ukifika uamuzi, tafadhali tuandikie, nasi tutawapasha wasomaji wengine kama Datsun ile imetoka bandani au bado imelala.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema na amani majumbani.